Kusoma Madoa ya Negativu

Filamu nyeusi na nyeupe iliyosafishwa nyumbani ikitoka na madoa, mwenye haraka hulaumu kamera, dawa, hata duka alikoinunua. Fundi hangoji lawama. Huiacha ikauke, huiinamisha mbele ya dirisha, kisha huanza kuuliza: doa lina umbo gani? Liko upande unaong'aa au upande uliofifia? Linajirudia? Kila hatua ya usafishaji huacha alama yake, na mtu anayezijua alama hizo ninamvulia kofia.

Kwanza hutazama ukingoni. Namba na jina la filamu huchapwa pale kwa mwanga tangu kiwandani. Zikitokea nyeusi na kali ilhali picha zimefifia, dawa haina kosa. Mwanga ulikuwa mdogo wakati wa kupiga. Namba nazo zikififia, tatizo limo ndani ya tangi: dawa imechoka, ilikuwa baridi, au muda haukutosha. Ubishi mwingi huishia hapo.

Kidoa cha mviringo kisicho na rangi, chenye kingo safi, ni mahali kiputo cha hewa kilipoganda juu ya utando wa filamu unaobeba picha, dawa isifike. Ndiyo maana wazoefu huligonga tangi mezani kila wamalizapo kuligeuza. Alama yenye umbo la mwezi mchanga hutokana na filamu kukunjika ilipokuwa ikivishwa gizani kwenye rili, kigurudumu cha plastiki kinachoibeba ndani ya tangi. Kwenye joto la Dar es Salaam au Mombasa hilo ni rahisi kutokea: mikono hutoa jasho, filamu ikang'ang'ania plastiki.

Ustadi hasa huonekana kwenye michirizi. Filamu ya milimita 35 ina matundu manane kila upande wa picha moja. Ukiona mistari myeusi zaidi ikianzia kwenye matundu, kwa nafasi zilezile za matundu, basi tangi lilitikiswa kwa nguvu mno. Dawa ilipita matunduni kwa kasi na sehemu iliyo jirani ikasafishwa kupita kiasi. Kuna mchirizi mwingine, huu hafifu kuliko eneo linalouzunguka, unaoanzia kwenye kitu chenye mwanga mkali, tuseme taa ya barabarani usiku. Chanzo chake ni kinyume kabisa: tangi liliachwa limetulia mno. Pale penye mwanga mkali dawa hufanya kazi nyingi na kuachia bromaidi, ambayo hupunguza nguvu ya dawa na huteremka taratibu. Kwa kuwa filamu husimama kwa ukingo wake ndani ya rili, michirizi hiyo yote huelekea ukingo mmoja. Anayeichanganya miwili hii atazidisha kutikisa palepale alipopaswa kupunguza. Ilford, kampuni inayotengeneza filamu na dawa, hushauri kuligeuza tangi mara 4 katika sekunde 10 za kwanza, na mara 4 tena katika sekunde 10 za mwanzo wa kila dakika. Ni utaratibu mdogo, nao unastahili kufuatwa kwa uaminifu.

Madoa ya maji huonekana vizuri filamu ikilazwa kimshazari kwenye mwanga. Maji ya visima vya pwani yana chumvi, na tone likikauka huiacha juu ya filamu. Suuza ya mwisho kwa maji yaliyokenekwa, yenye matone machache ya dawa ya kutelezesha maji, hulizuia doa hilo.

Na filamu ikitoka na ukungu mweupe kama maziwa, usiitupe. Fiksa, dawa ya kuidumisha picha, haikumaliza kazi yake, pengine kwa sababu imechoka. Irudishe kwenye fiksa mpya mpaka ukungu uishe, uongeze muda kama huo tena, kisha uioshe upya kwa makini. Ukiiwahi mapema, picha zako zitakuwa salama.