Nani Husakinisha Linux? Uhakiki wa Dhana ya Urahisi kwa Kurejelea Ntinda, Kampala

Mijadala ya programu huria katika Afrika Mashariki imejengwa juu ya dhana kwamba mtumiaji wa kawaida hujisakinishia mfumo endeshi mwenyewe. Makala hii inaihakiki dhana hiyo kwa kuitazama kutoka Ntinda, katika Tarafa ya Nakawa jijini Kampala. Huko, kama katika miji mingine ya ukanda huu, mwenye kompyuta ama huinunua ikiwa tayari na Windows, ama huipeleka kwa fundi. Basi kuuliza kama Linux ni rahisi kusakinisha kuliko Windows ni kumpima mtumiaji kwa kazi ambayo aghalabu hajawahi kuifanya.

Watengenezaji hawakulala. Ubuntu, iliyoasisiwa na Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini na kutolewa mara ya kwanza Oktoba 2004, iliwatumia watu diski bila malipo hadi mwaka 2011. Toleo la Juni 2006 lilimwezesha mtumiaji kuujaribu mfumo kabla ya kuusakinisha kutoka kwenye diski hiyohiyo. Toleo la Aprili 2008 lilikuja na Wubi, iliyoiweka Ubuntu ndani ya Windows kama programu nyingine yoyote, nayo ikaondoleka vivyo hivyo. Hatua hizo zilipunguza kazi, lakini zote zilimlenga mtu aliye peke yake mbele ya mashine.

Wanaisimu nao walishughulikia upande wa lugha. Desemba 2004, kupitia mradi wa Kilinux, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilishiriki kutoa Jambo OpenOffice, seti ya programu za ofisi kwa Kiswahili. Mafanikio hayo yalithibitisha kwamba Kiswahili kinaweza kubeba istilahi za kompyuta. Hata hivyo, menyu ya kuandikia barua humfaa mtu ambaye mashine yake imekwisha kuwaka. Swali gumu huja kabla ya hapo, pale kisakinishi kinapouliza kama diski ifutwe yote au igawanywe. Kuiita sehemu ya diski "kizigeu" kungempa msomaji taswira ya ukuta wa chumba, bila kumwonya kwamba picha za harusi na hesabu za duka zinaweza kupotea. Isitoshe, huko Ntinda mteja na fundi huenda wakazungumza Kiluganda huku wakisoma Kiingereza. Hadhi ya kikatiba ambayo Kiswahili kilipewa Uganda mwaka 2005, ikiwa lugha rasmi ya pili, haitoshi kukifanya lugha ya uamuzi huo.

Msakinishaji halisi, basi, ni fundi, na kwake urahisi una maana nyingine. Printa isipochapa au Wi-Fi isiposhika, mteja hamwendei mtengenezaji aliye ng'ambo. Humrudia yeye, na kwa kawaida hutarajia arekebishe bila kulipwa tena. Akiisifu Windows, si lazima iwe ni kwa kutoijua Linux; huenda anailinda riziki yake. Kwa hiyo, kudai kwamba wananchi wanaogopa mabadiliko ni kumlaumu asiyehusika.

Suala hili lina uzito wa kisera. Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft ilikoma kuihudumia Windows 10 kwa masasisho ya bure ya kawaida, ilhali Windows 11 inadai chipu ya usalama ya TPM 2.0, ambayo kompyuta nyingi za zamani hazina. Mashine nzima kabisa zinaweza kutupwa, au kuendelea kutumika bila kinga. Linux ingeweza kuzirefushia maisha, mradi mipango ya umma iache kuhesabu diski zilizogawiwa na maneno yaliyotafsiriwa, na badala yake ihesabu mashine ambazo bado zinatumia mfumo huo mwaka mmoja baadaye. Hilo linahitaji flashi inayosakinisha bila kutegemea bando la intaneti, inayohimiza kunakili mafaili kwanza, na yenye onyo lililojaribiwa mbele ya wateja kwa Kiluganda na Kiswahili. Linahitaji pia fundi alipwe kwa huduma ya baada ya kusakinisha. Mtaalamu wa Kiswahili atakayetafsiri onyo hilo hana budi kukaa kwanza kwenye benchi la fundi na kusikia mteja anauliza nini kabla ya kuikabidhi mashine yake.