Shikamoo na Kushika Miguu: Tuyapime Madai ya Asili

Liko swali lisilokoma kuulizwa katika madarasa ya Kiswahili ya Gitega na Muyinga: salamu ya "shikamoo" imetoka wapi? Majibu yanayotolewa ni matatu. Wa kwanza husema kuwa ni salamu ya watumwa, kwa hiyo haifai kufundishwa. Wa pili husema ni ya Waarabu, kwa kuwa Kiswahili kililetwa huku na wafanyabiashara wa pwani. Wa tatu, waliowaona Wahindi katika filamu wakigusa miguu ya wazazi wao, husema kuwa ni mila ya Kihindi iliyovuka bahari.

Nia yetu si kuwakejeli wasemao hivyo, bali kuyapima maneno yao. Twaona kwamba majibu yote matatu yana kasoro moja: huchukua neno, ishara ya mwili na cheo cha anayesalimu kuwa kitu kimoja, kisha huvitafutia vyote baba mmoja. Kila kimoja kati ya hivyo kina historia yake.

Tuanze na neno. Kamusi ya Frederick Johnson iliyotolewa mwaka 1939 hulirejesha neno hili kwenye kauli "nashika miguu". Maelezo hayo yakikubaliwa, basi neno ni la Kibantu kutoka mwanzo hadi mwisho, na mwanafunzi wa Burundi aweza kulithibitisha kwa lugha ya mama yake. Kirundi husema "ukuguru" na "amaguru" pale Kiswahili kisemapo "mguu" na "miguu". Sauti ya r iliyobaki katika Kirundi imedondoka katika Kiswahili, kama tuonavyo pia katika "inzara" na "njaa", "inzira" na "njia". Tahadhari moja tu: "gushika" katika Kirundi ni kufika, si kukamata, na mwanafunzi asipoelezwa hayo atadhani kuwa anamwambia mzee wake habari ya safari.

Jibu la salamu hii, yaani "marahaba", ni la Kiarabu. Basi mazungumzo ya maneno mawili tu yana asili mbili. Hapo dai la kwamba salamu nzima ni ya Waarabu limekwisha kupungua nusu yake.

Sasa tuje kwenye ishara, ambako ndiko dai la Uhindi linakoegemea. Kwanza yafaa ifahamike kuwa hakuna "salamu ya Kihindi" moja. Iko ile ya kuunganisha viganja mbele ya kifua, inayoandamana na neno "namaste", ambalo kwa Kisanskriti lina maana ya kukuinamia. Iko ya kugusa miguu ya mkubwa na kupeleka mkono kichwani. Iko pia "adab" ya miji kama Lucknow na Hyderabad, ambapo mkono wa kulia huinuliwa kuelekea usoni.

Huko kwenyewe asili zake zinabishaniwa. Wako wanaoitaja namaste kuwa ni ya tangu miji ya kale ya bonde la Indus, kwa sababu ya sanamu ndogo za udongo zilizofukuliwa Harappa. Wengine hutosheka na michongo ya mawe ya Bharhut, ya karne ya 2 kabla ya Kristo, inayoonyesha watu wameunganisha viganja. Lakini jiwe huonyesha mikono tu. Halisemi kama mwenye mikono hiyo alikuwa akisali, akiomba radhi au akimwamkia jirani. Kuhusu adab, wengi huitazama kuwa urithi wa utamaduni wa Kiajemi na wa majumba ya wafalme wa Kimughal. Abul Fazl, mwandishi wa mfalme Akbar katika karne ya 16, aliandika jinsi watu walivyoweka kiganja cha kulia kwenye paji la uso na kuinamisha kichwa mbele ya mfalme. Ikiwa wenyewe hawajapatana, sisi twapata wapi ujasiri wa kutamka hukumu kutoka milima ya Burundi?

Kugusa miguu ni mila kongwe kweli huko Uhindini. Sheria za Manu, zilizotungwa yapata miaka elfu mbili iliyopita, humwamuru mwanafunzi ashike miguu ya mwalimu wake kwa mikono iliyopishana, wa kulia kwa mguu wa kulia na wa kushoto kwa wa kushoto. Hata hivyo, kufanana si ushahidi wa kuazimana. Injili ya Mathayo yasimulia habari za wanawake walioishika miguu ya Yesu baada ya kufufuka. Wayoruba wa Nigeria husujudu mbele ya wazee wao, na wanawake wa Buganda hupiga magoti. Mtu akiwa na haja ya kujishusha, mwili wake hauna njia nyingi: atainama, atapiga magoti, au atashika kilicho chini.

Tena tutazame tofauti. Uhindini mkono hugusa miguu kimya, na mzee hutoa baraka kwa mdomo. Pwani yetu mdomo hutamka kushika miguu, lakini mkono haushuki. Mtoto husalimu akiwa amesimama, na katika nyumba nyingi hubusu mkono wa mzee. Na Wahindi waliofanya biashara Zanzibar katika karne ya 19, wengi wao kutoka Kutch na Gujarat, walituachia maneno kama gari, bima, hundi na laki. Hayo ni maneno ya soko, wala si ya kuamkiana. Zaidi ya hayo, wengi miongoni mwao walikuwa Waislamu. Waismailia, kwa mfano, huamkiana kwa kumtaja Ali. Ni kweli kwamba ishara yaweza kusafiri bila neno, lakini anayedai hivyo ndiye mwenye wajibu wa kuleta ushahidi.

Limebaki la utumwa, nalo ni zito kuliko yote. Tusilifiche. Salamu hii ilitumiwa na watumwa kwa mabwana zao, na mwanafunzi ana haki ya kuambiwa. Lakini hali ya utumwa ilifutwa kisheria Zanzibar mwaka 1897 na Tanganyika mwaka 1922, na salamu ikabaki kwa kazi nyingine: kuheshimu umri. Wanamuziki wakongwe wa Dar es Salaam walipounda bendi katika miaka ya 1990 na kuiita Shikamoo Jazz, hakuna aliyewadhania kuwa watumwa. Kirundi nacho kina mfano wake. Tukiambiwa "amashyo", tunatakiwa kheri ya makundi ya ng'ombe, na asiye na hata ndama huitikia "amashongore" bila kuona kuwa anadhihakiwa.

Jambo hili si la kamusi tu. Muyinga inapakana na Tanzania, na kupitia Kobero wamerejea wengi waliokimbia mwaka 1972 na mwaka 1993. Watoto wao walikua wakisema shikamoo. Mwalimu anayetangaza darasani kuwa hilo ni neno la watumwa, au kuwa ni uigaji wa Wahindi, humfanya mtoto wa namna hiyo aonee haya adabu aliyofunzwa na bibi yake. Na mwalimu wa Gitega, ambaye wanafunzi wake wameipata salamu hii kitabuni, huwanyima ufunguo wa mlango watakaoukuta kila waendako Afrika Mashariki.

Shauri letu kwa walimu wenzetu ni hili. Mwanafunzi akiuliza asili, tumgawie swali lake mara tatu: neno ni la lugha gani, ishara inafanywaje, na nani humwambia nani. Kisha tumwulize kwao humsalimuje mkubwa. Mtoto wa Kirundi atanyosha mkono wa kulia huku wa kushoto ukishika kiwiko, na papo hapo ataelewa kuwa heshima haikusubiri merikebu ya mtu yeyote ili ifike kwao.