Ufundi wa Kumtazama Mtu Akitembea

Tunadhani uchunguzi huanza mgonjwa akishakaa na kueleza shida yake. Kwa daktari wa mishipa ya fahamu anayeshughulikia magonjwa ya mwendo, kazi huanza mlangoni. Mzee anapoingia, je, anatupa mikono yote miwili, au mmoja umeganda ubavuni? Akigeuka ili akae, kiwiliwili kinatangulia na miguu inafuata, au anageuka mzima mzima kwa vihatua vingi vifupi?

Halafu huja zoezi la vidole: gonganisha kidole gumba na cha shahada, haraka, ukivitanua kabisa. Migongano ya mwanzo huwa mizuri. Ustadi uko katika kungoja, maana kwa mwenye ugonjwa wa Parkinson ile nafasi kati ya vidole hupungua kidogo kidogo, mpaka vidole vinakwama. Daktari mwenye haraka ameshaandika “sawa” na kumwita mwingine.

Kutetemeka nako kuna siri yake. Mkono wa Parkinson hutetemeka umepumzika pajani na mara nyingi hutulia ukishika kikombe. Kuna mtetemo mwingine, unaowapata watu wengi zaidi, ambao hufanya kinyume: pajani shwari, lakini chai inamwagika. Asiyejua tofauti hiyo ataandika dawa isiyofaa. Hospitali nyingi hazina kipimo cha damu cha kumaliza ubishi, na picha ya ubongo husaidia zaidi kuondoa magonjwa mengine. Kinachobaki ni jicho. James Parkinson mwenyewe, alipouandikia ugonjwa huu London mwaka 1817, alieleza watu sita tu, na baadhi yao alikuwa amewaona barabarani.

Jicho la namna hiyo ndilo lililopelekwa nyumba kwa nyumba wilayani Hai, mkoani Kilimanjaro, kwenye vihamba vya migomba na kahawa na chini kwenye tambarare. Richard Walker na Catherine Dotchin, madaktari wa wazee kutoka kaskazini mwa Uingereza, walifanya kazi hiyo pamoja na wenzao Watanzania, akiwemo Dkt. Oswald Msuya. Eneo la utafiti lilikuwa na watu 161,071. Kwanza yaliulizwa maswali mepesi majumbani, kisha waliojibu ndiyo wakachunguzwa na daktari. Matokeo yalichapishwa mwaka 2008: wagonjwa 33.

Thelathini na watatu! Mtu wa takwimu anaweza kuguna. Mimi navua kofia, kwa sababu zaidi ya robo tatu yao hakuna aliyekuwa amewahi kuwaambia wanaumwa nini. Nyumbani ilishasemwa kwamba ni uzee, na uzee hauna hospitali. Wangesubiriwa waje wenyewe, wengi wasingeonekana kabisa.

Pale Moshi mjini, katika hospitali ya KCMC, William Howlett, bingwa kutoka Ireland, amefundisha ustadi huo huo kwa miaka mingi. Kitabu chake cha magonjwa ya fahamu barani Afrika, kilichotoka mwaka 2012, kinapatikana bure, jambo la nadra kwa vitabu vya udaktari. Kabla ya hapo aliifuatilia konzo, ugonjwa unaokakamaza miguu ghafla, uliozuka Tarime miaka ya 1980. Njia ilimfikisha jikoni: mihogo michungu iliyoandaliwa kwa haraka wakati wa njaa, sumu yake ya sianidi haijatoka.

Kumgundua mgonjwa na kumwacha bila dawa kungekuwa udadisi tu. Waliopatikana Hai walianzishiwa levodopa, na taarifa ya kuwafuatilia kwa miaka mitatu ikatoka 2011. Dawa hiyo hugeuka dopamini ndani ya ubongo, kitu kile kile ambacho ugonjwa umekipunguza. (Imo pia kwenye mbegu za upupu, huo huo wa kuwasha, na watafiti wamezijaribu kwa wagonjwa.) Haiponyi, na nguvu ya kidonge huisha baada ya saa chache, hivyo kumpangia mtu dozi ni kazi ya kushona nguo kwa vipimo vyake: anaamka saa ngapi, anakwama saa ngapi, anakula nini. Protini ya nyama hushindana na dawa njiani, kwa hiyo mzee wa Machame anayependa mtori wake uwe na nyama ya kutosha ataelekezwa ameze kidonge kwanza, angoje kama nusu saa, ndipo avute bakuli.