Ngazi Kwanza, Baiskeli Baadaye

Mwaka 1932, mjini Hyères kusini mwa Ufaransa, mpigapicha Henri Cartier-Bresson alisimama juu ya ngazi, akaielekeza kamera yake ya Leica chini barabarani, akamnasa mwendesha baiskeli akikatiza. Picha hiyo husifiwa kwa wepesi wa kidole. Kwa maoni yangu kidole hakikuwa na kazi kubwa. Iliyofanya kazi ni miguu, pale mpigapicha alipochagua pa kusimama.

Angepiga kutoka chini, nyuma ya baiskeli kungejaa kuta, milango na kipande cha anga. Kutoka juu, anga limetoweka na barabara yenyewe imekuwa mandharinyuma. Vyuma vya ngazi vinajikunja kama ganda la konokono: jicho linaingilia chini ya fremu, linazungushwa, linateremka na kutupwa barabarani. Ukingo wa barabara nao umepinda, unaupokea mzunguko huo na kuupeleka juu kushoto. Hapo ndipo palipobaki peupe. Cartier-Bresson alisomea uchoraji kwa André Lhote, mwalimu aliyeipenda sana jiometri, na sidhani alikosa kuuona uwazi ule kabla ya kumwona wa kuujaza. Fremu ya namna hii haipatikani kwa kukurupuka. Mtu huitega, akangoja.

Fanya jaribio. Mzibe mwendesha baiskeli kwa kidole gumba: inabaki ngazi nzuri isiyo na habari. Ziba ngazi: anabaki mtu kwenye baiskeli, tena hata sura haionekani vizuri.

Kutoonekana vizuri huko ni sehemu ya kazi. Vyuma na ngazi vimetoka vikali, mwendesha baiskeli ametoka na ukungu, kwa sababu kasi ya shata (pazia la kamera) haikutosha kumgandisha. Tofauti hiyo ndiyo inayotuambia kipi kimetulia na kipi kinapita. Angegandishwa, angeonekana kama ameegeshwa pale.

Halafu kuna kanuni aliyoivunja. Wanaoanza hufundishwa kumwachia mtu anayesogea nafasi mbele yake. Hapa baiskeli inaelekea kushoto, na nafasi kubwa iko nyuma yake. Kidogo tu na angekuwa ametoka kwenye fremu. Haraka ya picha inatoka hapo. Mistari inayoigawa fremu kwa theluthi kwenye kioo cha simu haikufundishi hilo, ingawa wapo wanaoiheshimu kama msahafu.

(Picha iliyomsukuma Cartier-Bresson aishike kamera kwa dhati ilikuwa ya Mhungaria Martin Munkácsi: vijana watatu wakikimbilia majini, iliyojulikana kwa miaka mingi kuwa ya Ziwa Tanganyika. Nayo ni miili inayopita mbele ya uwazi.)

Anayetaka kujaribu mbinu hii ya kutega fremu na kungoja Kariakoo au Mombasa apande ghorofa ya kwanza yenye ngazi za nje, atafute pembe isiyo na anga, kisha aache sehemu moja tupu. Tatizo litakuwa simu: kwenye jua la mchana hujichagulia shata ya kasi mno, kila kitu kikaganda. Ingia kwenye modi ya Pro, shusha ISO (wepesi wa kamera kuhisi mwanga) hadi mwisho, weka shata 1/30 ya sekunde, na egemeza viwiko ukutani. Picha ikitoka nyeupe mno, rudi jioni jua likipungua.