Mwana Kupona Analalamika kwa Nani?

Kila tunapoufikia Utenzi wa Mwana Kupona darasani, mjadala huwa ni ule ule. Upande mmoja husema kwamba mtunzi ni mwanamke aliyekubali kuonewa, na sasa anamfundisha binti yake naye akubali. Upande wa pili hujibu kwamba alikuwa mtu wa dini na wa zama zake, basi tumwache. Saa ya semina huishia hapo. Nami nimewahi kushiriki mjadala huo, tena kwa kelele, kabla sijausoma utenzi wenyewe hadi mwisho. Nadhani siko peke yangu.

Kwanza tukumbuke mazingira ya utungaji. Mwana Kupona binti Mshamu aliolewa na Bwana Mataka, mtawala wa Siyu, aliyepambana kwa miaka mingi na Sayyid Said wa Zanzibar. Bwana Mataka alifariki mwaka 1856. Utenzi ulitungwa mwaka 1275 wa Hijra, yaani mnamo 1858, na mtunzi mwenyewe akafariki mnamo 1860. Anayesema nasi, basi, ni mjane, ni mgonjwa, na ana binti kijana wa kumwacha. Mtu kama huyo ana kila sababu ya kuwa na kinyongo, na watu wa kuwalaumu hawakosi.

Hebu tutazame anavyoanza. Anamwita binti yake aketi karibu, alete wino na karatasi. Kisha anatoa sababu: maradhi yamemshika hata mwaka umetimia, naye hakupata kumwambia mwanawe neno jema. Beti hizi huwa tunazipita haraka tukikimbilia mausia ya ndoa, na kumbe kilio kiko hapo hapo! Mwaka mzima mama hana neno jema kinywani. Mimi ninausoma utenzi wote kama juhudi ya mtu huyu kulipata neno hilo.

Mausia yenyewe sitayatetea. Kwamba radhi ya mume ihesabiwe pamoja na ya Mungu, ya Mtume na ya wazazi, na kwamba mke aombe ruhusa hata ya kutoka nje, ni mambo yaliyokwisha kuhakikiwa vya kutosha. Ila ndani yake mna kumbukumbu. Mtunzi anaacha kuamrisha, anaanza kumkumbuka marehemu: jinsi walivyoishi pasipo ugomvi, na jinsi alivyomfia akiwa radhi naye. Ghafla tunamwona mfiwa. Huzuni imejificha ndani ya somo la unyumba, kama mama anayelia huku anapepeta mchele.

Halafu inakuja dua, na hapa sauti inageuka kabisa. Yule aliyekuwa akiagiza sasa anaomba. Anataka maradhi yamwondokee, anamkabidhi Mola watoto wake, anawaombea na ndugu zake. Mwishoni anajitaja kuwa ni mpweke mwenye huzuni. Jamani, huyu hakunyamaza! Tofauti iko katika anayeambiwa. Malalamiko hayaendi kwa jirani wala kwa adui, wala hayamwangukii binti aliyeshika kalamu. Yanapelekwa kwa Mola, kwa ukamilifu wake, bila kupunguzwa. Kwetu msibani mtu akianza kulia tu, huambiwa kazi ya Mungu haina makosa, maana yake anyamaze. Mwana Kupona anamtegemea Mungu kuliko sisi tunaosema hivyo, na bado anasema panapomuuma.

Wahakiki wanaofuata uhalisia wa kijamaa watauliza: vita vya Siyu viko wapi? Swali ni la haki. Hakuna ubeti unaomtaja Sayyid Said, na mimi ningependa walau ubeti mmoja. Lakini tazama chombo alichokichagua mtunzi: anasema anampa mwanawe hirizi aifunge kwa uzi. Hirizi huvaliwa mwilini kila siku. Angeweka humo chuki dhidi ya Unguja, binti angetembea na chuki shingoni maisha yake yote. Wengine wataita huko ni kukwepa siasa. Mimi naona ni uamuzi wa mzazi anayejua kwamba hana muda.

Ulinganishe na Al-Inkishafi. Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir naye anatazama hasara, yaani magofu ya Pate, lakini anaukemea moyo wake, na Pate inageuka kuwa ushahidi wa hoja. Kwa ufundi wa picha, sina ubishi, Al-Inkishafi iko juu. Dua ya Mwana Kupona mahali pengine inakuwa orodha tu ya maombi, na msomaji anachoka. Ila magofu hayamwombi mtu kitu. Mgonjwa huyu anaomba apone, na anaomba kama mtu anayetarajia kujibiwa, huku mausia ya kumwachia binti yamekwisha kuandikwa kwenye karatasi ile ile.