Naibu Chifu na Fomu Zake

Anayezaliwa au kufariki hospitalini huandikwa na wahudumu wa afya. Wa nyumbani, awe kitoto kichanga au mzee aliyefariki, kule Ogembo, Nyamache au Borabu, katika Gusii nchini Kenya, huandikwa na naibu chifu. Ndiye wakala wa usajili wa vizazi na vifo katika kata ndogo, na ndiye atoaye kibali cha mazishi kwa anayefariki nyumbani. Kazi hii haina shangwe: anafika matangani, anauliza jina, umri na marehemu aliugua nini. Mara nyingi anajibiwa "homa" tu, basi anaandika homa. Simlaumu, si daktari. Lakini katika milima ya Gusii, ambako malaria imewahi kuzuka kwa kishindo, homa zikirundikana katika kata moja ndani ya mwezi mmoja, hiyo ni habari nzito kwa maafisa wa afya. Hata London, mwaka 1854, daktari John Snow alitumia orodha ya vifo kutoka ofisi ya usajili kuonyesha kwamba pampu ya Broad Street, aliyokwisha kuishuku, ndiyo iliyoeneza kipindupindu.

Hongera, naibu chifu. Nawe uliyejaliwa mtoto nyumbani, mwandikishe kabla hajatimiza miezi sita.