Tezi Mbili Nyuma ya Ubongo wa Nzige

Nzige walipoingia kaskazini mwa Kenya mwishoni mwa Desemba 2019, wengi walikuwa na rangi ya waridi. Kadiri wiki zilivyokwenda, picha kutoka Samburu na Isiolo zikaanza kuonyesha nzige wa manjano, manjano kama ya ndizi mbivu. Asiyewajua angesema limekuja kundi la aina nyingine. Kumbe ni nzige yuleyule. Wa waridi ana mabawa tayari lakini hajakomaa, ilhali wa manjano yuko tayari kupandana na kutaga. Kinachomtoa kwenye rangi moja na kumpeleka kwenye nyingine ni homoni, na mmoja wa watu walioiandama homoni hiyo kwa subira kubwa alikuwa Mkenya, Thomas Risley Odhiambo. Makala haya yanahusu namna alivyoifanya kazi hiyo, maana sifa za Odhiambo tumezisikia sana, lakini mbinu zake hazisimuliwi.

Alizaliwa Mombasa mwaka 1931, akasoma Maseno na Makerere, akafanya kazi ya kilimo Uganda, kisha akaenda Cambridge. Huko msimamizi wake alikuwa Vincent Wigglesworth, na hapo ndipo pa kuanzia.

Katika miaka ya 1930 Wigglesworth alikuwa amemchunguza mdudu mmoja wa Amerika Kusini wa jamii ya kunguni wafyonza damu, aitwaye Rhodnius. Mdudu huyu ukimkata kichwa hafi upesi. Anaweza kuishi miezi. Basi Wigglesworth alikuwa akimlisha damu, akasubiri siku kadhaa, akamkata kichwa, akaangalia kama atajivua gamba. Akikatwa mapema, hajivui. Akikatwa baadaye, anajivua kama kawaida, maana ujumbe umeshatoka kichwani na kuingia kwenye damu. Akawaunganisha wadudu wawili waliokatwa vichwa, mmoja mapema na mwingine baadaye, ili damu yao iwe moja, na aliyekatwa mapema akajivua kwa ujumbe wa mwenzake. Kwa wembe na nta, mtu yule alithibitisha kuwa kuna homoni. Baadaye alionyesha kuwa tezi ndogo nyuma ya ubongo, ziitwazo korpora alata, hutoa homoni nyingine inayomzuia mdudu asikue kabla ya wakati. Inaitwa homoni ya utoto, na jina lake linajieleza.

Lakini jina hilo linapotosha kidogo. Tunutu akishakuwa nzige kamili, tezi zilezile zilizokuwa zimenyamaza huanza kazi tena, na safari hii kazi yao ni uzazi. Kwa jike jambo hilo ni rahisi kulipima, kwa kuwa mayai yanahesabika na kiini chake kinapimika. Kwa dume kuna nini cha kuhesabu? Odhiambo alichagua dume. Kwangu mimi huo ndio uamuzi wa kwanza unaoonyesha alikuwa mtafiti wa namna gani, kwa kuwa alikwenda upande ambao jibu lake halionekani kwa macho.

Fikiria kazi yenyewe. Nzige hulazwa kwa gesi ya kaboni dioksaidi, akabanwa chini ya hadubini, shingo ikavutwa kidogo mpaka ile ngozi laini kati ya kichwa na kifua ikajitokeza. Hapo ndipo pa kupasua, mpasuo mdogo kuliko ukucha wa mtoto. Ndani, kila upande wa umio, kuna kitone cheupe. Hicho ndicho kinachong'olewa kwa koleo nyembamba, bila kuchana mishipa ya fahamu na bila kumwaga damu nyingi. Mkono ukitetemeka, umempoteza nzige. Kuzitoa hizo mbili hakutoshi. Kazi ya aina hii inataka wengine wapasuliwe vilevile kisha wafungwe na tezi zao zikiwa mahali pake, ili ijulikane kama mabadiliko yanatokana na kukosa tezi au ni maumivu ya kisu tu. Tena inataka wengine waliotolewa tezi wapandikizwe za mwenzao, ili ionekane kama kilichopotea kinarudi. Kutoa, kuigiza kutoa, kurudisha: ukikosa moja kati ya hayo, huna ushahidi.

Kumbuka pia kwamba alipochapisha matokeo yake mwaka 1966, hakuna aliyekuwa ameujua muundo wa homoni hiyo. Carroll Williams wa Harvard alikuwa ameipata mwaka 1956 ikiwa ndani ya mafuta ya rangi ya dhahabu kutoka kwenye tumbo la nondo dume, lakini muundo wake wa kikemia ulijulikana mwaka 1967. Odhiambo aliifahamu homoni kwa pengo lake, kama unavyotambua kazi ya mtu nyumbani siku asipokuwepo.

Pengo hilo lilionyesha nini? Madume yaliyotolewa tezi hayakugeuka manjano, wala hayakuwa na hamu ya majike. Hayo yalitarajiwa. Jipya lilikuwa kwenye mafuta. Nzige ana tishu ya mafuta iliyosambaa tumboni, ambayo kwake ni ini na ghala kwa pamoja. Kwa madume yasiyo na tezi, ghala hilo lilijaa likafura. Odhiambo aliliandika hilo katika makala ya kwanza kati ya mbili zilizotoka kwenye jarida la Uingereza la baiolojia ya majaribio, na ya pili ikahusu mwendo: madume hayo yalikuwa yamepooza, hayatembei wala kuhangaika kama wenzao.

Hapa ndipo msomaji anapaswa kusimama. Je, homoni huamuru mafuta yachomwe, na ikikosekana yanarundikana? Au humfanya mdudu achangamke, na asiyechangamka hunenepa kama sisi tunaokaa kwenye viti mchana kutwa? Au malighafi iliyokuwa itumike kutengeneza vitu vya uzazi imekosa pa kwenda ikageuzwa akiba? Kurundikana kwa mafuta peke yake hakuwezi kuamua. Mtafiti mwenye haraka angetangaza la kwanza akaondoka. Odhiambo alipima umetaboli kisha akapima mwendo, na kuziweka tafiti hizo mbili pamoja, ya kwanza na ya pili chini ya kichwa kimoja. Mpangilio huo wenyewe unasema alijua swali liko wapi.

Miaka michache baadaye ikagunduliwa kwamba amri ya kutoa mafuta ghalani wakati wa kuruka hutoka kwenye tezi jirani, zilizopakana kabisa na hizo alizokuwa akizitoa. Nzige akianza kuruka hutumia sukari ya damu kwanza. Safari ikirefuka, huhamia kwenye mafuta, na ndipo anapoweza kumaliza kilomita 100 na zaidi kwa siku. Homoni ya kazi hiyo ni kijiprotini cha asidi amino 10 tu, na mpangilio wake ulisomwa mwaka 1976. Ugunduzi huo haukuibomoa kazi ya Odhiambo, ila uliipa mipaka: homoni ya utoto inaongoza maisha ya dume ya majuma, na ile ndogo inaongoza saa ya safari.

Kutoka kwenye mafuta alihamia kwenye protini. Dume la nzige halimwagi mbegu hivihivi. Hulifungia jike mbegu ndani ya kifuko kinachotengenezwa kwa majimaji ya tezi za uzazi, mirija zaidi ya kumi kila upande, na kila aina ya mrija una majimaji yake. Odhiambo aliichora mirija hiyo moja baada ya nyingine kwa hadubini ya elektroni, katika mfululizo wa makala ulioanza mwaka 1969. Ni kazi kavu kuisoma, nakiri, lakini bila ramani ile huwezi kuuliza protini ipi inatoka wapi.

Wakati huo alikuwa amesharudi Nairobi kufundisha.  Mwaka 1967 alikuwa ameandika katika jarida la Marekani la Science kuhusu sayansi kwa maendeleo ya Afrika Mashariki, na mwaka 1970 kituo chake cha utafiti wa wadudu, ICIPE, kikaanza Chiromo, hapohapo Nairobi, kwenye majengo ya mbao, kabla ya kuhamia Kasarani mahali panapoitwa Duduville. Miongoni mwa walioongoza utafiti wa kituo hicho kutoka ng'ambo walikuwa Carl Djerassi, yule mkemia wa homoni ya vidonge vya kupanga uzazi, na Koji Nakanishi wa Chuo Kikuu cha Columbia.

Mbinu ilikuwa ileile, sasa ikiwa mikononi mwa wanakemia. Isao Kubo, aliyefanya kazi ICIPE na Nakanishi, alishughulikia Ajuga remota, jani chungu ambalo watu wetu hulichemsha kwa ajili ya homa na ambalo wadudu hulipita. Dondoo la mzizi wake lilipochanganywa na chakula cha viwavi, viwavi walianza kujivua gamba wakashindwa kumaliza. Kichwa kipya kikaota chini ya cha zamani, na kingine tena, hata kiwavi mmoja akawa na vichwa vitatu vilivyopandana, midomo imefunikwa, akafa njaa huku chakula kiko mbele yake. Mmea ulikuwa umejaa homoni za kujivua gamba, za jamii ileile na zile ambazo mdudu hujitengenezea mwenyewe.

Nilipokuwa sekondari tulipasua panzi, tukamchora, tukaandika majina ya sehemu zake kwa mishale. Hakuna aliyetuambia kwamba saa moja kwa miguu kutoka darasani kwetu kulikuwa na watu waliomuuliza panzi swali na kumlazimisha ajibu. Hilo linaniuma hadi leo, na nikiwaona wanangu wakichora mishale ileile linaniuma zaidi.

Mwaka 2001 watafiti wa Denmark walisoma mpangilio mzima wa protini ya manjano inayojaa kwenye ngozi ya nzige dume aliyekomaa, na baadaye ikaonyeshwa kwamba ni homoni ya utoto inayoamuru itengenezwe. Kwa hiyo afisa aliyesimama vichakani Samburu mwanzoni mwa 2020, akamshika nzige kwa mabawa na kumgeuza kwenye jua, alikuwa akisoma kipimo. Akimwona wa waridi, alijua kundi bado litasafiri. Akimwona wa manjano, alijua mayai yanakaribia kuingia mchangani, na kwamba baada ya majuma mawili hivi ardhi itaanza kutoa tunutu.